Umeanzisha darasa la yoga na watu hawaji? Usifunge kwanza

Jumanne moja ya mwezi wa nne nimefika ukumbini saa kumi na moja jioni, nimefagia, nimetandika mikeka 8, nimefungua madirisha, nikakaa kwenye kiti cha plastiki nasubiri watu. Kumi na moja na nusu ndo muda wa kuanza, hamna mtu. Kumi na mbili kasoro hamna mtu. Baadaye akachungulia katoto mlangoni kakaniuliza "anko leo kuna sherehe?" nikamwambia hamna, kakaondoka zake. Nje mvua inanyesha ile ya Moshi ya masika, mlima wenyewe haujaonekana siku ya tatu, na mi nimeshalipia ukumbi elfu 10. Na hapo wiki ya kwanza nilikuwa na watu 11.

Naandika hii kwa sababu kuna jamaa wawili watatu wameniuliza, mmoja yuko Arusha, mmoja hapa hapa Majengo, wote wameanza darasa na wote wako kwenye ile wiki ambayo unajiuliza hivi mi nilikuwa nawaza nini. Sio mtaalamu wa biashara. Kazi yangu ya msingi ni kuongoza wageni mlimani, yoga nimeijua huko huko kambini kwa kumwangalia mgeni mmoja aliyekuwa anajinyoosha kila asubuhi kabla ya chai wakati sisi wengine tunatembea kama wazee, mgongo umekaza. Baadaye nikasoma ile kozi ya masaa 200 ambayo walimu wengi ndo wanaanzia, nikaisoma kwa simu, bando lilinitoa jasho kuliko mazoezi yenyewe. Nikaanza darasa langu mwezi wa tatu mwanzoni kwa sababu mbili, kwanza mvua zikianza wageni wanapungua sana na nakuwa mtaani, pili Kilimanjaro Marathon inakuwa ndo imetoka kuisha na mji mzima unaongelea mazoezi. Nikaona hapa nimepiga bao. Hamna bao lolote.

Siku asipofika mtu unafanya nini? Unafanya darasa. Serious kabisa. Mi siku ile nilitaka kukunja mikeka nikanywe supu, nikasema hapana elfu 10 imeshaenda, nikaacha mlango wazi nikafanya lisaa lizima peke yangu kwa sauti, nahesabu pumzi, naelekeza, "vuta... toa...", kama mwendawazimu. Kumbe chumba cha jirani kuna fundi cherehani, mama wa makamo, amekuwa ananiangalia kupitia dirishani tangu nianze. Alhamisi akaja. Hakuja kwa sababu ya yoga, alikuja akaniambia "baba, kile ulichokuwa unafanya cha kupindisha mgongo, mi huu wangu unaniua nikikaa kwenye mashine, naweza?" Nikamwambia karibu mama, vua viatu. Mpaka leo bado anakuja, na wale 11 wa wiki ya kwanza amebaki mmoja.

Wale 11 walikuwa akina nani

Hapa ndo nilipokosea na nadhani wengi mnakosea hapa hapa. Walikuwa washkaji. Wapagazi wenzangu, binamu yangu na mchumba wake, jirani, dada wawili nilisoma nao. Nilitangaza wiki ya kwanza bure. Wakaja, tukacheka, tukapiga picha, stetasi zikajaa pongezi, mi nikaenda nyumbani nimevimba kichwa. Wiki ya pili nikasema sasa jamani ni elfu 3 kwa kipindi, wakabaki 4. Ya tatu 2. Na ubaya wa rafiki ni kwamba akiacha kuja anakukwepa na barabarani, kwa hiyo umepoteza mwanafunzi na mtu wa kupiga nae stori.

Sasa ushauri wangu, toza hela tangu siku ya kwanza, hata kama ni buku. Elfu 1 tu. Mtu akishatoa buku anakuja na akili ya mtu aliyenunua kitu, anauliza maswali, anakasirika usipofika kwa wakati, na huyo ndo unamtaka. Halafu kama unataka bure iwepo, ifanye siku moja inayojulikana, mfano 21 Juni ambayo ni siku ya yoga duniani, Umoja wa Mataifa waliipitisha Desemba 2014 na ikaanza kuadhimishwa 2015, hapo unatafuta uwanja unaalika kila mtu na hakuna anayedhani itakuwa bure milele.

Na usiwategemee washkaji wawe ndo darasa lako. Washkaji wawe ndo wanaokusaidia kubeba mikeka.

Saa usiiguse

Kama utasahau mengine yote shika hili. Mi nilihamisha muda mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Nilianza saa kumi na mbili jioni, akina mama wakaniambia hapo ndo muda wa kupika na watoto kuoga, nikahamishia asubuhi saa kumi na mbili, wakasema asubuhi ndo kuandaa watoto shule, na wanaume wakasema baridi. Nikasema basi Jumamosi, kumbe Jumamosi ukumbi una sherehe, leo kipaimara kesho send off, mwenye ukumbi akanipigia masaa mawili kabla akaniambia "mdogo wangu leo usije kuna watu wanapamba." Nikarudi Jumanne na Alhamisi saa kumi na moja na nusu. Unajua kilichotokea? Kuna dada alikuja asubuhi kwa muda wa zamani akakuta kufuli. Alitoka Rau na bodaboda. Hakurudi tena na sikumlaumu.

Yule aliyekukuta umefunga mara moja hata ukifungua mara mia anakumbuka kufuli. Kwa hiyo fanya uchunguzi KABLA, kaa na watu 5 ambao sio rafiki zako waulize jioni zao zinaendaje, nani ana kwaya siku gani, jumuiya ni lini, vikoba wanakutana lini, swala ya magharibi inaingia saa ngapi. Moshi ukiweka kitu siku ya mazoezi ya kwaya umejimaliza mwenyewe. Mi kumi na moja na nusu ilikaa vizuri kwa sababu watu wa maofisini wameshatoka na tukimaliza saa kumi na mbili na nusu bado kuna mwanga kidogo, akina dada wanapata daladala bila wasiwasi. Ukishapata huo muda ndo basi, umekufa nao miezi mitatu. Mvua inyeshe, umeme ukatike, wewe mlango uwe wazi. Bei unaweza kubadilisha, jina la darasa badilisha, mazoezi yenyewe badilisha kila wiki ukitaka. Saa acha.

Kwa mtu kama mi ambaye kuanzia mwezi wa sita napanda mlima siku 6, 7, hili lina maana lazima umpate mtu wa kukufungulia. Mi nilimpata mapema kwa bahati, dada mmoja nesi aliyekuwa anakuja kwa sababu ya miguu kuvimba zamu za usiku, nikamfundisha taratibu miezi miwili, mi nikiwa kambi ya Barafu huko mlimani sina hata mtandao yeye anaendesha. Siku moja nimeshuka mlimani mpaka geti la Mweka nikawasha simu nikakuta picha ya watu 9 wamelala chali. Nilifurahi kuliko wageni wangu waliofika kileleni.

Maneno yatakuponza

Hili hakuna kozi itakufundisha. Kuna lile pozi la mikono chini miguu chini makalio juu, kila mtu anayefanya yoga analijua, jina lake la Kisanskriti, lugha ya zamani ya India, lina maana ya mbwa anayeangalia chini. Mi bila kufikiria, wiki ya pili, nikasema kwa sauti ya ualimu, "haya sasa wote tunakuwa mbwa." Ukumbi kimya. Kulikuwa na mama mmoja wa miaka 60 hivi, mwalimu mstaafu, akainuka taratibu akaniangalia akasema "we mwanangu, mimi niwe mbwa?" Vijana wakaangua kicheko, yeye hakucheka. Nilimuomba radhi mbele ya wote na baada ya darasa nikamuomba tena. Sasa hivi tunaliita paa. Mgongo upande huu miguu upande huu, paa la nyumba. "Tengeneza paa" na kila mtu anaelewa, tena wanalifanya vizuri zaidi kwa sababu paa wanalijua linatakiwa likae wapi.

La pili ni lile la mwisho la kulala chali na kutulia, jina lake ni mkao wa maiti. Nikalitafsiri hivyo hivyo. Mtu mmoja akafungua macho akasema "mi nimetoka kuzika juzi, nilaze tu lakini usiniite hivyo." Ndo ikawa mwisho. Tunaita kupumzika, kwisha.

Kwa hiyo kabla hujaingia darasani pitia majina yote kwa Kiswahili, jisikilize ukiyasema mbele ya mama mkwe wako. Na usiamrishe wakubwa. Ukianza na "inama! nyoosha! shika!" kwa mtu unayetakiwa kumpa shikamoo umemvunjia heshima hata kama hakusemi. Mi naanza na shikamoo kwa wakubwa mmoja mmoja wakati wanavua viatu, na darasani nasema "tushuke taratibu", "tunyooshe", wote tupo ndani ya kitenzi. Mlimani ni hivyo hivyo, huwezi kumwambia mgeni wa miaka 65 "tembea", unamwambia twende polepole.

Mwanaume, na mambo ya dini

Mi mwanaume, wanafunzi wangu wengi wanawake. Usijifanye hili halipo. Wiki ya tatu alikuja mume wa dada mmoja, hakuja kugombana, alikuja akakaa kwenye benchi akakunja mikono anaangalia. Nikamkaribisha mkeka akakataa. Nikaendelea. Kitu kilichonisaidia ni kwamba nilishajiwekea sheria, simgusi mtu. Mtu akikosea namuonyesha kwa mwili wangu au naelekeza kwa mdomo, mkono wangu hauendi kwa mtu. Milango na madirisha wazi muda wote. Nguo, kila mtu avae anachojisikia, nina wanaovaa taiti, nina wanaokuja na suruali ya traki na juu kanga, nina dada wawili na hijabu zao na hamna pozi ambalo limewashinda kwa sababu ya hijabu. Yule mume alikaa mpaka mwisho, akaniuliza hili la kupumua linasaidia usingizi? Wiki iliyofuata hakuja lakini mkewe aliendelea kuja na hilo ndo nililokuwa nalitaka.

Dini sasa. Utaambiwa unafundisha watu kuabudu miungu. Mi niliambiwa na mtu ninayemheshimu, mzee wa kanisa, tena kwa upole. Kosa ambalo wengi wanafanya hapa ni kudanganya, wanasema ah hii haina uhusiano wowote na India ni mazoezi tu ya kizungu. Usiseme hivyo, sio kweli na mtu akienda kugoogle anakukamata. Sema ukweli, asili yake ni India, imetoka kwenye dini na falsafa za kule, na kuna wanaoifanya kama ibada mpaka leo. Halafu mwambie wewe darasani kwako unafanya nini, sisi tunajinyoosha na kupumua, hatuimbi chochote, hatusemi om (lile neno lao la ibada), tukimaliza tunasema asanteni tunakunja mikeka. Mwalike aje aangalie. Meku wangu, yule mzee wa kanisa, alikuja, alikaa robo saa, akasema haoni shida lakini yeye hawezi kushiriki. Sawa. Watu wawili waliacha kuja kwa sababu hiyo na sikuwafata kubishana nao, imani ya mtu sio kitu cha kushindana nacho kwa elfu 3. Waliobaki wamebaki wakiwa wanajua wapo kwenye nini.

Vifaa, haraka haraka

Usinunue mikeka ya bei kabla hujapata watu. Mi niliona nimepata mteremko nikaleta yale magodoro membamba ya kulalia kambini, yapo mengi kwetu. Balaa. Ni laini mno, ukisimama mguu mmoja lile pozi la mti unayumba kama umekunywa mbege, watu wakakata tamaa wakidhani miili yao mibovu kumbe ni godoro. Mkeka wa ukindu nao kwenye tailizi unateleza, mtu anaondoka nao. Kilichofanya kazi ni sakafu ya saruji miguu peku kwa mazoezi yote ya kusimama, saruji inashika vizuri tu, halafu mkeka au kanga iliyokunjwa kwa ya kukaa na kulala. Mikeka minne ya yoga yenyewe niliipata mitumba pale soko la Memorial, mengine wageni wameniachia. Taulo la zamani chini ya goti. Bas.

Ah na bati. Ukumbi ukiwa na bati bila dari, mvua ya mwezi wa nne ikianza hakuna atakayekusikia, piga kelele uwezavyo. Mi naongoza kwa kupiga makofi, kofi moja vuta, mawili toa, kwa hiyo wafundishe hizo ishara siku ya jua.

Maumivu ya siku ya pili

Watu wengi wanaacha baada ya kipindi cha kwanza sio kwa sababu hawakupenda, ni kwa sababu kesho yake wameamka mapaja hayakunjiki. Fundi wangu alinisimulia baadaye sana, baada ya siku yake ya kwanza alienda chooni, choo cha kuchuchumaa, akashuka vizuri, kunyanyuka ikawa shughuli, akashika ukuta akamuita mwanae. Akasema kama ningekuwa sijamwambia asingerudi. Mi nilikuwa nimemwambia, kwa bahati tu, kwa sababu mlimani tunawaambia wageni kila safari, kushuka ndo kunaumiza kuliko kupanda na utaumia kesho na keshokutwa.

Sasa nasema kila kipindi akiwepo mgeni: misuli ambayo haijazoea inauma, inaanza baada ya siku, inakuwa kali kati ya siku ya kwanza na ya tatu halafu inaondoka yenyewe, tembea kidogo usilale tu. Lakini maumivu ya kuchoma kwenye kiungo, au yanayoshuka mguuni kutoka kiunoni na ganzi, hayo sio ya mazoezi, acha na ukaonane na daktari. Na usile ukashiba halafu uje, acha masaa mawili matatu baada ya mlo mzito, jamaa mmoja alikuja na mtori tumboni sitaki kuelezea zaidi.

Kosa langu kubwa kuliko yote liko hapa na nalisema japo linanitia aibu. Mwezi wangu wa kwanza wa kufundisha sikuwa nauliza watu afya zao. Mama mmoja tulikuwa tumeinama muda, nikasema tunyanyuke, akanyanyuka haraka, macho yakamzunguka akashika ukuta akakaa chini. Tulimpa nafasi, akatulia, hakuanguka, kumbe ana presha na anatumia dawa na mi sikujua. Nilitetemeka mimi kuliko yeye. Tangu siku hiyo kila mtu mpya namuuliza pembeni, sio mbele za watu: presha unayo? Presha ya macho? Ujauzito? Upasuaji wa karibuni? Dawa yoyote inayokuletea kizunguzungu? Wenye presha na wenye presha ya macho hawakai kichwa chini, wanafanya mikono ukutani badala ya paa. Wajawazito namwambia apate ruhusa kliniki kwanza, halafu hatumlazi chali muda mrefu na hatumpindishi tumbo. Kunyanyuka wote tunanyanyuka polepole na kichwa kinakuja mwisho. Na usimwambie mtu yoga itamponya sukari au presha aache dawa. Hata kama umesoma mahali. Wewe sio daktari na mji ni mdogo.

Grupu la WhatsApp

Nina grupu la watu 46. Wanaokuja ni 9, 10. Mwanzoni nilikuwa naandika jioni, "nani na nani wanakuja kesho?" Sasa angalia kinachotokea. Wa kwanza anajibu "mi kesho sitaweza nina mgeni." Wa pili "hata mi." Wa tatu alikuwa anakuja kabisa, begi amepanga, anasoma anaona aah kumbe hawaji, na yeye anakaa. Unaua darasa lako mwenyewe kwa swali moja. Usiulize. Andika "kesho kumi na moja na nusu tupo" kisha funga mjadala.

Na mtu akikosa mara mbili mfate pembeni, meseji yake peke yake, na usiulize mbona huji maana hilo ni deni. Muulize kitu chake. "Mama shikamoo, lile bega limekaaje?" Mi hii imenirudishia watu kuliko tangazo lolote. Kuna mmoja alijibu bega zuri, ila hana hela mpaka mwisho wa mwezi na alikuwa anaona aibu. Nikamwambia njoo utalipa. Amelipa.

Tangazo nalo nilibadilisha, la kwanza liliandikwa YOGA kwa herufi kubwa na picha ya dada amekunja miguu machweo, watu wakaona hiki ni cha wageni wa hotelini. La pili nimeandika "Mgongo unauma? Mazoezi ya kujinyoosha na kupumua (yoga), Jumanne na Alhamisi, elfu 3" nikalibandika kwa fundi, kwenye kijiwe cha bodaboda na kwa mangi wa duka la karibu. Wakaanza kuja watu wa kazi za kukaa na kuinama, mafundi, madereva, mhasibu mmoja, walimu. Hao wanarudi kwa sababu wakikosa wiki wanaisikia mgongoni.

Uendelee mpaka lini

Hela, usianze bila kodi ya miezi mitatu pembeni. Mi ukumbi elfu 10 kwa kipindi, mara mbili kwa wiki, wiki 12, ni laki 2 na 40. Niliiweka pembeni kwenye simu kabla sijafagia ukumbi na nikajihesabia imeshakufa. Bila hiyo ningefunga Jumanne ile ile. Nikihitaji kurudisha gharama nahitaji watu 4, na watu 4 wa uhakika niliwapata wiki ya tisa. Kadi ya vipindi 8 kwa elfu 20 badala ya 24 ilisaidia sana, mwenye kadi haachi kuja kwa ajili ya kamvua.

Miezi mitatu ikiisha angalia daftari lako (weka daftari, majina na tarehe, sio kichwani). Kama watu wapya wanakuja mara moja hawarudi, shida ni darasa lenyewe, labda unawakomoa, labda unaongea sana, kaa na mmoja akwambie ukweli. Kama wale wale 3 wanarudi kila siku ila hawaongezeki, darasa lako zuri ila hakuna anayejua, toka ukabandike matangazo. Kama kila mtu anakwambia napenda sana ila siwezi muda huo, na wamekwambia watu zaidi ya kumi, hapo ndo unaruhusiwa kugusa saa, mara moja, na utangaze mwezi mzima kabla. Na kama daftari halina mtu kabisa miezi mitatu na ulifungua kila siku, funga bila aibu, sio kila mtaa unataka yoga.

La kwangu wiki iliyopita lilikuwa na watu 12, nje radi, umeme umekatika, mi napiga makofi. Mwishoni tumelala chali gizani kuna mtu akaanza kukoroma, sio kidogo, na hakuna aliyecheka mpaka alipojiamsha mwenyewe. Fundi amekuja na wazo jipya, ameshona mikanda ya kuvutia miguu kwa mabaki ya vitenge, mizuri kweli, imara, anataka nimuuzie kwa wanafunzi elfu 4 mmoja. Nimemwambia mama elfu 2 na nusu. Kasema 3 na nusu na kanikumbusha kwamba yeye ndo alikuja siku sina mtu. Bado tunaongea.